Santuri Zile Zisitolewe: Neno Juu ya Muziki Usiopendeza Mara Moja



Katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu, upande wa magazeti ya zamani, kuna sanduku la mbao lenye santuri arobaini na moja, na pembeni yake gramafoni moja. Viliachwa na padre mmoja mzee, mmisionari, aliyefundisha hapa Historia ya Falsafa kwa miaka mingi na sasa ni marehemu. Mwisho wa muhula huu chumba kile kitakarabatiwa ili ziwekwe kompyuta, na tangazo lililobandikwa ubaoni linasema kwamba vitu visivyotumika vitatolewa. Sisi tunaoandika hapa ni mafrateri watatu wa falsafa, na vitu hivyo visivyotumika tumekuwa tukivitumia kila Jumapili mchana kwa mwaka mzima na zaidi. Tunaomba viachwe. Lakini si haki kuomba bila kutoa sababu, hasa kwa kuwa wengi waliopita karibu na mlango ule wameshasikia kinachotoka ndani, na hawakupendezwa.

Tuanze kwa kuwa wakweli. Sehemu kubwa ya sanduku lile haina ugomvi na mtu. Zimo nyimbo za Kigregoriani zilizoimbwa na wamonaki wa Solesmes, zimo Misa za Mozart, yumo Bach. Santuri hizo zikipigwa, hata ndugu zetu wanaofua nguo uani huomba dirisha liachwe wazi. Ugomvi uko kwenye santuri chache za kwarteti za nyuzi zilizotungwa karne ya ishirini: zile tatu zenye kwarteti zote sita za Béla Bartók wa Hungaria, zilizopigwa na kundi la Juilliard la New York na kurekodiwa mwaka 1963, na ile moja yenye Kwarteti ya Pili na ya Tatu za Mmarekani Elliott Carter, iliyopigwa na kundi lilelile miaka kama kumi baadaye. Zikipigwa hizi, dirisha hufungwa, tena na walioko nje.

Msomaji wa parokiani asitishwe na jina. Kwarteti ya nyuzi ni watu wanne tu. Wawili wana fidla, mmoja ana viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na mmoja ana chelo, ile inayosimamishwa sakafuni katikati ya magoti. Ifikirie kama kwaya ya sauti nne yenye mwimbaji mmoja kwa kila sauti, bila maneno, bila kinanda, na bila mwalimu wa kuwapungia mkono. Aliyeupa mtindo huu umbo lake katika karne ya kumi na nane ni Joseph Haydn, Mkatoliki aliyekuwa na desturi ya kufungua hati zake kwa kulitaja jina la Bwana na kuzifunga kwa kumsifu Mungu. Kwa Haydn, hata asiyesoma muziki hubahatisha wimbo unakoelekea. Ukianza, unasikia utakapoishia, na raha kubwa ni pale anapokuchezea kwa kuchelewa kufika. Bartók alizaliwa mwaka 1881 na kufariki New York mwaka 1945, na watunzi wengi wa kizazi chake hawakujiona tena wana deni la kumrudisha msikilizaji nyumbani kwa njia aliyoizoea. Wimbo unaondoka, na hujui kama utarudi.

Tuliisikia Kwarteti ya Nne ya Bartók kwa mara ya kwanza tukiwa watu wanane. Ilitungwa mwaka 1928, ina sehemu tano, na inaenea upande mmoja wa santuri. Sehemu ya kwanza haijafika mwisho, watatu walikuwa wameshatoka. Mmoja wa waliobaki alisema ni kama paka wanaopigana juu ya bati usiku, tukacheka wote, kwa sababu ndivyo ilivyosikika. Katika sehemu ya nne wapigaji wote huweka pinde chini na kudonoa nyuzi kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho, na kuna mahali mtunzi anadai uzi uvutwe kwa nguvu hata ukiachiwa ugonge shingo ya chombo na kutoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Tulidhani santuri imekwaruzika. Mwenzetu aliinua sindano akaipangusa vumbi.

Jioni ile mezani ukaanza mjadala. Frateri mmoja wa mwaka wa tatu, mtu mwenye akili kali, alituwekea hoja yake hivi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba vitu vizuri ni vile vinavyopendeza vinapoonwa. Muziki huu haupendezi. Basi muziki huu si mzuri. Kwa waliosahau Mantiki ya mwaka wa kwanza, hiyo ni Camestres, umbo la pili, na kwa sura yake haina kasoro. Hatukuwa na jibu. Tulimaliza maharage yetu kimya.

Jibu lilikuja polepole, na ndilo kiini cha ombi letu. Mahali pale, katika Sehemu ya Kwanza ya Summa, swali la tano, Thoma anatofautisha jema na zuri. Jema analiweka upande wa hamu, zuri analiweka upande wa uwezo wa kujua. Raha anayoisema ni raha ya kutambua: hisi hufurahia kitu chenye uwiano kwa sababu hisi yenyewe ina uwiano ndani yake. Kwa hiyo mzigo wa hoja ile haubebwi na kupendeza, unabebwa na kuona. Je, tuliiona kwarteti ile? Milio yake tuliisikia, hilo ni kweli, kama mtu anavyosikia stendi ya basi watu wawili wakisemezana kwa lugha asiyoijua. Mtu huyo anaweza kusema kwamba makelele yao yanamchosha. Hawezi kusema kwamba wanachosemezana hakina maana, na akisema hivyo hatumwiti mkosoaji, tunamwita mshamba.

Hapa Mtakatifu Augustino anatusaidia kuliko Thoma. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, akitafuta wakati ni kitu gani, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuimba wimbo anaoujua. Kabla hajafungua kinywa, matarajio yake yameuelekea wimbo mzima. Akianza, kila kinachoimbwa kinatoka upande wa matarajio na kuingia upande wa kumbukumbu, mpaka matarajio yanakwisha na yote yamekuwa kumbukumbu. Mfano huo tumeusoma darasani mara mbili, na mara zote mbili tulipita haraka juu ya jambo dogo lililomo, kwamba wimbo ule mtu anaujua. Wimbo wa Haydn, hata ukiwa mgeni kwako, unaujua nusu, kwa kuwa unafanana na ndugu zake. Bartók anakunyang'anya hiyo nusu. Huna unachotarajia, kwa hiyo huna unachokumbuka, unabaki na sasa hivi, halafu sasa hivi nyingine, na nyingine tena. Hakuna binadamu anayeweza kukaa humo kwa muda mrefu. Anachoka, kisha anakasirika, kisha anaikasirikia santuri. Sehemu kubwa ya kile tulichokiita ubaya wa muziki ule ilikuwa ni uchungu wetu wa kukosa matarajio.

Na matarajio yanapatikana kwa kurudia. Ndipo santuri inapoingia.

Mtu aliyeisikia Kwarteti ya Nne ukumbini zama zile aliisikia mara moja, akarudi nyumbani na mshangao wake au hasira yake. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika nne au tano hivi kila upande, kwa hiyo kazi ndefu ilikatwakatwa kama mkate. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, inayobeba dakika ishirini na zaidi, na kwarteti ikapata mahali pa kukaa nzima. Kundi la Juilliard lilikuwa limeanzishwa miaka miwili tu kabla ya hapo. Lilizirekodi kwarteti sita za Bartók likiwa changa, likazirekodi tena mwaka 1963, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Robert Mann, mpiga fidla ya kwanza, yumo katika zote tatu. Hata wao, kumbe, walihitaji kurudia.

Sisi tulichagua upande mmoja, tukaurudia kila Jumapili. Jumapili ya tatu tulipata kitu cha kushika. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza chelo inatoa kifungu cha noti sita: tatu zinapanda kwa hatua ndogo kabisa, tatu zinashuka. Ni kitu kidogo kama kokoto. Ukishakiokota unakikuta kila mahali: kimepinduliwa, kimenyooshwa, kimegawanywa kwa wawili wanaokimbizana. Ndicho kinachoifunga sehemu ya kwanza. Jumapili ya tano tuligundua kwamba ndicho kinachoifunga pia sehemu ya tano, yaani kwarteti nzima, na mmoja wetu alisimama juu ya kiti kwa furaha. Basi ya kwanza na ya tano ni ndugu. Tulipojua hilo tukatafuta udugu mwingine: ya pili, inayopigwa mbio huku nyuzi zimezibwa sauti, kama nyuki ndani ya mzinga, ina undugu na ya nne, ile ya kudonoa. Na katikati yao iko sehemu ya tatu. Bartók mwenyewe alieleza kwamba hiyo ndiyo kokwa, na nyingine zimeizunguka kama maganda.

Katika kokwa hiyo wapigaji watatu wanashikilia milio isiyosogea, na chelo inasema peke yake, jinsi mzee anavyosimulia msibani: anaanza, anasita, analirudia neno, analiongezea kidogo. Baadaye fidla inaingia na milio mifupi kama ya ndege wa usiku. Kwa Jumapili nne tulikuwa tukiisubiri sehemu hii ipite ili turudi kwenye zile za mbio. Sasa tunazisikiliza zile za mbio tukijua zinatupeleka hapo. Hatukujilazimisha kupendezwa, na hatungeweza hata kama tungetaka. Tuliona kwanza.

Frateri yule wa mwaka wa tatu alikuja Jumapili ya nane. Alikaa mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Tulipomuuliza alisema, "Hainipendezi." Tukamkumbusha kwamba mezani alisema haipendezi, bila ile -ni- katikati. Akatabasamu, akasema hoja yake ameiondoa lakini masikio yake bado anayo. Jibu hilo tunaliheshimu kuliko sifa za walioingia dakika mbili na kutuambia tuna kipaji cha kuthamini sanaa.

Kuna wanaosema kusikiliza kwa santuri ni kusikiliza kwa mlango wa nyuma, kwamba muziki wa kweli ni ule wa watu walio mbele yako. Tungekubali upesi, maana hatujawahi kuona kwarteti ikipigwa mbele yetu na huenda tusione. Lakini mtunzi mwenyewe anatutetea. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini Bartók na rafiki yake Zoltán Kodály walizunguka vijijini wakiwa na mashine ya Edison, wakirekodi nyimbo za wakulima kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1913 aliibeba mashine hiyo mpaka Afrika, maeneo ya Biskra nchini Algeria, akarekodi nyimbo na ngoma za Waarabu wa huko, na mapigo ya ngoma zile yanasikika katika sehemu ya pili ya Kwarteti yake ya Pili. Akirudi nyumbani alikaa na mtungi, akausikiliza, akaurudia, akaandika noti, akaurudia tena, kwa sababu mara ya kwanza sikio husikia linachokijua na kuacha lisichokijua. Miaka yake ya mwisho, akiwa mkimbizi Marekani, alifanya kazi hiyohiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1941 na 1942: alizisikiliza na kuziandika nyimbo za Waserbia na Wakroati ambazo Milman Parry wa Harvard alizinasa kwenye sahani za alumini. Mtu aliyetunga muziki huu mgumu alikuwa msikilizaji wa sahani kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye aliandika kila alichokisikia, nasi tunasinzia mara mojamoja.

Wengine wamesema, tena kwa nia njema, kwamba mambo haya yote yamo kwenye intaneti, kwa hiyo sanduku halina kazi. Hatudai kwamba santuri yetu inasikika vizuri zaidi. Ina mikwaruzo, na spika moja inakoroma. Umeme ukikatika katikati, sahani inapunguza mwendo na kwarteti nzima inashuka taratibu kama mgonjwa anayezimia, jambo ambalo tusingependa limpate mtunzi yeyote. Lakini kwenye simu kidole kiko karibu mno. Muziki huu ukikubana dakika ya tatu, unaruka, na hujui kwamba umeruka mahali ambapo ungeanza kuona. Kwenye gramafoni, ili uruke inabidi usimame, uvuke chumba, uinue mkono wa sindano mbele ya wenzako, na ueleze. Uvivu wetu wenyewe umetulinda.

Wakati wa Kwaresima mkanda wa gramafoni ulikatika. Tuliibeba mpaka mjini kwa fundi redio, mzee ambaye karakana yake ni meza moja chini ya mwembe. Aliuweka mkanda mwingine aliouchonga kwa mpira, akataka kuijaribu, na santuri tuliyokuwa nayo mkononi ilikuwa hiyohiyo ya Kwarteti ya Nne. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hawa wanagombana, Frateri?"

"Tunadhani hivyo, mzee."

"Mbona hakuna anayetoka?"

Tulirudi na swali hilo njia nzima ndani ya daladala. Alitutoza shilingi elfu nane.

Lingetusaidia sana kwa Carter. Kwarteti yake ya Tatu, ya mwaka 1971, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1973, inawagawa wapigaji katika jozi mbili: fidla ya kwanza na chelo upande mmoja, fidla ya pili na viola upande mwingine, wakae mbali kadiri iwezekanavyo. Jozi ya kwanza ina sehemu nne na inapiga kwa mwendo huru, ikivuta na kuachia. Jozi ya pili ina sehemu sita na inashika mapigo bila kuyumba. Sehemu hizo zinakatwa na kupishanishwa hadi kila moja ya zile nne imekutana na kila moja ya zile sita. Ni mikutano ishirini na minne, na inapita kwa takriban dakika ishirini. Ni kama mahubiri mawili yanayotolewa kwa pamoja kanisani, moja mimbarini na moja kwenye ngazi za kwaya, na kila padre akimheshimu mwenzake kiasi cha kumwachia nafasi ya kuvuta pumzi.

Hapa tulipata msaada ambao ukumbi usingetupa. Kwenye santuri jozi moja inatoka zaidi spika ya kushoto na nyingine ya kulia, na gramafoni yetu ina kitufe cha kugawa sauti kati ya spika mbili. Tulikizungusha chote upande mmoja, tukaisikiliza jozi ya kwanza kwa majuma mawili, nyingine ikibaki kwa mbali tu. Kisha upande wa pili, majuma mawili. Kisha tukakirudisha katikati. Tungependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba pazia lilifunguka. Halikufunguka. Tunazitambua jozi, tunaijua hata mikutano kadhaa, tunatambua kwamba mbele yetu kuna akili kubwa inayofanya kazi kwa uaminifu, na bado tukimaliza tunakuwa kama watu waliokesha kwenye ukumbi wa mtihani. Pengine tumeshaona na hatupendezwi. Pengine hatujaona. Hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili bila kuwa na santuri, na ndiyo sababu tunaomba hata hiyo ibaki.

Kuna hatari upande huu pia. Theodor Adorno, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyewahi kujifunza utunzi kwa Alban Berg, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu sosholojia ya muziki aliwapanga wasikilizaji kwa aina zao, na juu kabisa akamweka mtaalamu, yule ambaye sikio lake halipotezi kitu. Tulipokisoma tulijipima. Haukupita muda mmoja wetu akaanza kuwatazama wanaosikiliza Bongo Fleva bwenini kwa jicho la yule Farisayo aliyesimama mbele hekaluni. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anahangaika kwamba raha ya masikio inaweza kumteka kanisani kuliko yale yanayoimbwa. Yeye aliogopa utamu. Mtu anayekaa na Carter ana haja ya kuogopa fahari ya kuvumilia kisicho na utamu, na fahari hiyo haina hata raha ya kuisingizia. Tumeiungama. Tukiulizwa kama imekwisha, tutasema bado.

Mlezi mmoja alituuliza, kwa upole, jambo hili lina faida gani kichungaji. Tulijaribiwa kuandika hapa kwamba anayejifunza kuisikiliza kwarteti ngumu bila kuikatiza atakuwa muungamishaji mwenye subira. Lingependeza, na lingeweza kuiokoa gramafoni. Lakini hatuna ushahidi. Mwenzetu anayeweza kukaa na Carter dakika ishirini bila kujikuna ndiye huyohuyo anayemkatiza kila mtu katika kikundi chetu cha majadiliano, naye ameisoma sentensi hii na kuiruhusu ibaki. Sababu yetu ni ndogo zaidi. Hii ni maktaba ya nyumba ya falsafa. Humo kuna Kant, kuna Hegel katika tafsiri tatu, na kadi zao za kuazimia hazina mihuri mingi. Hakuna aliyewahi kupendekeza Kant atolewe kwa kuwa ukurasa wa kwanza haukumpendeza mtu. Tunajua kwamba vipo vitu ambavyo binadamu amevifanya kwa uzito wake wote na ambavyo havijifungui mara moja, na tunaviwekea rafu. Tunauliza tu kwa nini kilichoandikwa kwa maneno kipewe rafu na kilichoandikwa kwa noti kiitwe kisichotumika.

Isidhaniwe kwamba tunataka muziki huu uingie Misani. Mwaka uleule wa 1963 ambapo Juilliard walirekodi santuri zile, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati ya Liturujia, ukaupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza na kutaka muziki wa jadi wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake. Hakuna mahali tunapoomba fidla za Budapest. Wala hatutaki kumvika Bartók kanzu asiyoivaa. Alibatizwa Mkatoliki, lakini mwaka 1916 alijiunga na Waunitari. Muziki wake ni wa chumbani, wa watu wachache na viti vichache, na hapo ndipo tunapoutaka.

Limebaki jambo moja, nasi tumejadiliana sana kama tuliseme. Agosti iliyopita mmoja wetu alimzika mama yake. Aliporudi seminarini kwaya ilimwimbia, mapadre wakamwombea, kila mtu akafanya alichoweza, naye akashukuru. Jumapili ya kwanza alikuja chumbani, akaomba Kwarteti ya Sita, ambayo hatukuwa tumeigusa sana.

Bartók aliitunga kati ya Agosti na Novemba 1939, vita ikiwa inaanza. Mama yake alifariki Desemba ya mwaka huo, na mwaka uliofuata akaiacha Hungaria, asirudi tena. Viola inaanza peke yake na wimbo wa huzuni usio na haraka. Sehemu ya pili inaanza kwa wimbo uleule, sasa ukiwa na sauti mbili. Ya tatu inaanza nao tena, kwa sauti tatu. Kila mara muziki unaondoka hapo na kwenda kwingine, kwenye mwendo wa askari, kwenye kicheko kikali. Michoro yake inaonyesha kwamba kwa mwisho alikuwa amefikiria ngoma ya mbio. Aliiacha. Sehemu ya nne yote ni wimbo ule wa huzuni, kwa sauti zote nne, mpaka kimya.

Sindano ilipofika katikati ya sahani na kuanza kugonga, mwenzetu hakusema kama imemfariji. Alisema, "Rudisha." Tukairudisha sindano. Tulifanya hivyo mara tatu, mpaka kengele ya Masifu ya Jioni.

Tutaipiga hiyohiyo Jumapili hii, saa nane mchana baada ya chakula. Wahusika wa maktaba wanakaribishwa kabla hawajafunga sanduku, na waamini wa parokia waulizie getini wataletwa. Viti ni sita, wanaozidi waje na vyao. Mvua ikinyesha tutaahirisha hadi Jumapili inayofuata, kwa sababu chumba kile kina bati na viola inaanza kwa sauti ya chini.